Shanga Zilizotundikwa

Faili la Sechelela Mnyaluko lilifika dirisha la tatu Jumatatu asubuhi, na Mizani, mtambo uliosoma magonjwa ya wilaya nzima ya Nghambala, ilikuwa imekwisha kulimaliza kabla Mbeleje Chilongani hajakaa vizuri kitini. Nafasi ya kwanza, ugonjwa: figo zote mbili. Nafasi ya pili, hali: nguvu iliyobaki ni sehemu moja katika kumi. Nafasi ya tatu, sababu: haijulikani. Nafasi ya nne, ile inayouliza mgonjwa alikuwa akifanya nini, Mizani ilitia sifuri mbili kama kawaida yake, na Mbeleje akairuka kama kawaida yake. Kilichobaki ni dole gumba, maana sheria ilikataa namba ya ugonjwa isiyotiwa sahihi na binadamu.

Namba haina haraka. Mwenye haraka ni mgonjwa. Lakini Nghambala namba ndiyo iliyofungua mlango au kuufunga. Enzi za mababu watu walikuja kuchimba mawe yenye miale, wakayachukua, wakafukia shimo, wakaondoka. Vumbi lake halikufukika. Ndipo kila mtoto wa wilaya ile akawa anavishwa ushanga wiki aliyozaliwa, ushanga mdogo wa buluu usiozidi punje ya mtama, uliohesabu miale iliyompata, joto la mwili wake na hatua alizotembea. Mtu akiugua, Mizani ililinganisha ugonjwa na hesabu ya ushanga. Hesabu ikiwa kubwa, alipewa namba ya mwale, na namba hiyo ilimpeleka moja kwa moja kwenye kitanda cha kuotesha katika hospitali ya mkoa, ambako figo mpya iliota kutokana na chembe zake mwenyewe kwa wiki tisa. Hesabu ikiwa ndogo, aliandikiwa haijulikani, akaenda kukaa kwenye foleni ya kusafishwa damu. Foleni hiyo watu waliitaja kwa sauti ya chini.

Hesabu ya Sechelela ilikuwa ndogo. Ilikuwa ndogo kuliko hata ya Mbeleje mwenyewe, ambaye kutwa alikaa chini ya feni akibonyeza vitufe. Mbeleje alikuwa karani wa misimbo kwa miaka kumi na minne na hakuna faili lake hata moja lililowahi kurudishwa. Alijivunia hilo, na nani asingejivunia. Akanyoosha dole gumba.

"Mbukwa, mwanangu," sauti ikamsalimu kikwao nje ya dirisha.

Alikuwa mwenye faili. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, miguu imemvimba hadi amekata visigino vya raba zake ili ziingie. Mbeleje akaitika, wakajuliana hali ya nyumbani, ya mvua na ya mifugo, kwani hata mwenye figo zilizokwisha hakosi adabu. Kisha Sechelela akauliza karatasi inasemaje. Mbeleje akamweleza kwa upole, kama alivyofundishwa, kwamba sababu haijulikani.

"Haijulikani na nani?" Sechelela akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka aelekezwe ofisi, aende akamwone huyo asiyejua. Mbeleje akainamia faili, akalisoma upya.

Sechelela hakumng'ang'ania. Akainua kifundo cha kitambaa cheupe, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Akasema ni chumvi ya kwao Nhunduma. Si ya namba, asije akaeleweka vibaya, ni ya mboga tu. Amesikia karani wa dirisha la tatu ni mtoto wa kulekule na mjini wanakula chumvi ya dukani isiyo na ladha. Akapeleka mikono nyuma ya shingo, akavua ushanga wake, akautundika kwenye komeo la dirisha, ndipo akaanza kufungua kifundo.

Mbeleje naye alinyoosha mkono kupokea. Hapo akajikuta mkono wake mwingine uko kisogoni, vidole vimekwisha kulegeza kifungo cha ushanga wake mwenyewe.

Wakatazamana. Sechelela akatabasamu, akafurahi kwamba mtoto wa Nhunduma hakusahau. Mbeleje akautazama ushanga uliotundikwa kwenye komeo.

Nhunduma chumvi haiguswi na mwili uliovaa kitu. Bangili, hereni, pete, shanga, vyote hutundikwa kwenye nguzo ya mwingilio wa mbuga kabla mwanamke hajashuka kuchota udongo. Asipofanya hivyo chumvi hukasirika, ikawa chungu, ikagoma kuganda. Mbeleje alizaliwa huko, akaondoka na miaka tisa kwenda shule ya bweni. Mambo hayo aliyajua kabla hajajua kuhesabu. Ila hata siku moja hayakumjia akiwa kitini pake, kwa sababu pale aliletewa namba, na namba hazikuwa na nguzo.

Akamwomba Sechelela asubiri kwenye benchi. Faili akaliacha bila sahihi.

*

Alifunga dirisha, akafungua kumbukumbu za ushanga wa Sechelela. Makarani wote walitazama hesabu ya miale, joto hawakulitazama. Mbeleje akalitazama. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Oktoba, ushanga ule ulipoa alfajiri ukawa na joto la upepo, ukabaki hivyo hadi jua lipite utosini, bila hatua hata moja. Mbele ya kila asubuhi Mizani ilikuwa imeandika: amepumzika. Miaka arobaini, miezi mitano kila mwaka, amepumzika. Mwanamke gani wa Nhunduma aliyewahi kupumzika hivyo, labda aliyekwisha kuzikwa.

Akafungua shanga za wengine. Walikuwa wanawake arobaini na watatu, na shanga zao zilipoa pamoja, mahali pamoja, dakika zile zile. Zilining'inia kwenye nguzo zikipunga upepo huku wenyewe wamezama kwenye udongo hadi viwiko.

Kisha akafanya jambo alilokuwa akiliogopa, akatafuta mafaili ya Nhunduma yenye dole gumba lake. Yalikuwa sitini na moja. Sababu haijulikani, sababu haijulikani. Kumi na tisa kati ya wenye mafaili walikuwa wamekufa; watano aliwajua kwa sura, na mmoja zaidi ya sura. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Mizani ilikuwa na udhuru, haikuzaliwa Nhunduma.

Akaenda kwa msimamizi wake, Bwana Fumbuka, mzee mtaratibu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Fumbuka alisikiliza hadi mwisho, akaondoka kitini kufunga mlango, akarudi na Kanuni ya Tisa. Si kwamba aliihitaji, kila karani aliijua kwa moyo: anayevua ushanga kwa makusudi hupoteza haki ya namba ya mwale kwa miaka saba. Ilitungwa baada ya wajanja fulani kuwavisha mbuzi shanga zao na kuwafunga juu ya shimo la zamani, ili wapate vitanda wasivyostahili. Mbuzi walinona, wajanja wakafungwa, na kanuni ikabaki kwa kila mtu.

"Ukiandika ulichokiona," Fumbuka akasema, "wanawake arobaini na watatu wamefungiwa mlango. Ukinyamaza, huyu mmoja anakufa, na wengine wanamfuata kimya kimya. Nilikuwa nikiomba nistaafu kabla sijaulizwa swali kama hili."

Njia ya tatu ilikuwepo, na wote wawili walikuwa wakiitazama bila kuitaja. Kwenye meza ya Mbeleje kulikuwa na kitufe kilichoandikwa Kwa Macho Yangu. Karani akikibonyeza, aliweza kubadili sababu kwa neno lake tu. Angembonyezea Sechelela mwale, basi, kitanda chake kingepatikana Ijumaa, siku ya mgao. Lakini njia ya uongo ni fupi. Ukigundulika, kila namba aliyoitia sahihi kwa miaka kumi na minne ingefutwa, na muda ule ule walikuwepo watu wanne wa Nghambala waliolala kwenye vitanda vya kuotesha, figo zao zimefika nusu. Wangeteremshwa.

Mbeleje alirudi mezani, akakaa na kidole juu ya kitufe kile kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye. Hakukibonyeza. Badala yake akatoa kwenye droo kitabu cha kanuni, kurasa mia saba, ambacho makarani walikitumia zaidi kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Akamwambia Sechelela arudi nyumbani kwanza, naye akasoma siku hiyo na asubuhi iliyofuata.

Sura ya nafasi ya nne ilikuwa na kurasa mbili tu. Ukurasa wa kwanza ulitaja kazi ambazo mtu haruhusiwi kuzifanya na ushanga: wapiga mbizi, wayeyusha shaba, wahudumu wa mashine za sumaku. Kwao, kuvua ushanga si kosa. Mizani hukadiria miale yao kwa kupima mahali wanapofanyia kazi. Ukurasa wa pili ulisema kazi mpya huingizwa kwenye orodha watu thelathini wakija dirishani siku moja, kila mmoja akafungua kumbukumbu za ushanga wake na kuitaja kazi hiyo kwa kinywa chake. Wakipungua thelathini hadi dirisha linafungwa, waliosema watahukumiwa kwa Kanuni ya Tisa.

Nafasi hiyo ndiyo aliyokuwa akiiruka.

*

Jumatano alipanda pikipiki ya zahanati, akashuka Nhunduma saa nne. Kwenye mwingilio wa mbuga nguzo ilikuwa pale pale, imevaa mapambo ya wanawake wa kijiji kizima. Akavua hereni, akazitundika. Ushanga akabaki nao mkononi.

Kazi ilikuwa imepamba moto. Wengine walikwangua udongo mweupe wa juu, wengine waliupakia kwenye vikapu vilivyotandikwa majani na kumimina maji, na chini maji ya chumvi yalidondoka kwenye vyungu vilivyokuwa vikingojea kuchemshwa. Udongo uliokwisha kuchujwa ulitupwa kando, ukawa kichuguu kirefu kuliko mtu. Kwa kuwa miaka ya karibuni mvua zilikuwa haba, walichimba chini zaidi kuliko mama zao, na kichuguu kilikuwa na mistari ya manjano ambayo Mbeleje hakuikumbuka utotoni.

Mwenye kauli pale alikuwa Mama Yunge, mwanamke mnene wa makamo aliyelinda nguzo na kuamua nani aanze kuchota. Mbeleje akamwomba ruhusa ya kuweka ushanga wake juu ya kile kichuguu, si kwenye chumvi. Mama Yunge akafikiri. Akasema udongo uliokwisha kutoa chumvi yake hauna tena cha kukasirikia, aweke.

Waliuzunguka. Kwa muda wa kuchemsha chungu kimoja, ushanga wa buluu ukageuka manjano, kisha rangi ya kutu. Wote walijua maana yake ni miale mingi, walifundishwa shuleni. Mikono iliyokuwa ikimimina maji ikasimama.

Ndipo Mbeleje akawaambia yote, ya Mizani na ya amepumzika, ya Kanuni ya Tisa na ya watu thelathini. Akawaambia kuhusu mafaili sitini na moja, na kwamba jana ameandika barua ya kukiri kuwa aliiruka nafasi ya nne kwa miaka kumi na minne. Barua ilikuwa mezani kwa Bwana Fumbuka, waje wasije. Aliongea akitazama chini, kwa sababu wengine pale walikuwa mabinti wa wale kumi na tisa.

"Kwa hiyo unataka tuje wenyewe na kamba ya kutufunga," Mama Yunge akasema.

"Ndiyo, mama. Na mkipungua mmoja, itakaza."

Wakamuuliza mbuga itafungwa au haitafungwa. Akajibu kuwa hajui, lakini kazi ikipata namba wapimaji wanalazimika kuja kupima udongo wote, hatua kwa hatua, na kuwaambia upande upi ni salama wa kuchota. Sasa hivi hakuna anayelazimika, kwa sababu kwa mtambo ule hakuna anayefanya kazi hapa. Mama Yunge akamuuliza kama angekuwa yeye angekuja. Mbeleje akasema hilo nalo halijui, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Sechelela alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kwani hakuweza tena kuinama.

"Msije kwa ajili yangu," akasema. "Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Njooni kwa ajili ya huyo aliyeshika kata ya maji."

Aliyeshika kata ya maji alikuwa mke mpya wa kijijini, mwenye mimba changa. Akaiweka kata chini. Hakuna aliyeahidi kitu, na Mbeleje akaondoka akiwa na hereni zake na moyo mzito.

*

Alhamisi saa mbili lori la zabibu lilisimama mbele ya kituo. Badala ya kreti zikateremka kanga, vilemba na vikohozi. Mbeleje aliwahesabu kutoka dirishani, akawahesabu tena. Ishirini na tisa, Sechelela akiwemo. Mama Yunge akamweleza kwamba wengine wamebaki kwa hofu, na yeye hakuwalazimisha, maana hofu yao ina sababu. Yule mwenye kata alikuwemo.

Mmoja mmoja walikuja dirishani. Kila mmoja alifungua kumbukumbu zake, akataja jina na kazi. Wengine walinong'ona, wengine walisema kwa sauti ya kugombana. Ajuza mmoja hakukubali kusema neno moja tu; alieleza namna ya kutandika majani kikapuni tangu mwanzo hadi mwisho, na foleni nzima ikamsubiri. Saa nane u nusu Mizani ilionyesha ishirini na tisa. Dirisha hufungwa saa tisa.

Walisubiri wakitazama barabara. Barabarani hapakuja mtu.

"Tumekwisha," Mama Yunge akasema, na hakumlaumu mtu, jambo lililokuwa baya zaidi.

Mbeleje alikuwa amekwisha kujua tangu asubuhi. Alichokuwa akikingojea ni mtu wa thelathini amwokoe asilazimike. Karani aliyewahi kuvua ushanga haruhusiwi kutia sahihi hadi achunguzwe, na uchunguzi huchukua miezi saba, pengine asirudishwe. Kazi hii ndiyo pekee aliyoijua. Akaiogopa saa ya ukutani, akaona aibu kwa kuiogopa, akasimama.

Akavua kitambulisho chake cha kazi, akakiweka kizingitini, akatoka kwa mlango wa makarani, akazunguka jengo, akapanga foleni nyuma ya Mama Yunge. Kiti chake kikabaki kitupu. Bwana Fumbuka akatoka ofisini kwake, akakitazama kile kiti kwa muda, akakikalia. Miaka kumi na miwili hakuwa ametia sahihi faili.

"Jina," akasema.

"Unalijua, Bwana Fumbuka."

"Kanuni inataka ulitaje."

Akalitaja. Kumbukumbu zake zikafunguka hadi chini kabisa, na hapo palikuwa na ushanga wa mtoto wa miaka minne, mitano, minane, uliopoa kila alfajiri ya kiangazi kwenye nguzo ya Nhunduma. Mizani ilikuwa imemwandikia naye kwamba amepumzika. Fumbuka akamuuliza alikuwa akifanya nini.

"Nilikuwa nikimshikia mama kikapu cha chumvi," akasema. Mama yake alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa.

Thelathini. Mizani ikaongeza mstari mmoja kwenye orodha chini ya wayeyusha shaba: watengeneza chumvi ya mbuga. Kisha, bila kuguswa na mtu, faili la Sechelela likajifungua. Mtambo ukachukua kipimo cha kichuguu kutoka kwenye ushanga wa Mbeleje, ukakizidisha kwa asubuhi za miaka arobaini. Katika nafasi ya tatu neno haijulikani likafutika, likaja mwale wa udongo. Nyuma yake mafaili sitini na moja yakapanga foleni.

Lilibaki dole gumba. Fumbuka alilifuta kwenye suruali, akalinyoosha, akalirudisha. Akamwita Sechelela karibu. Akasema anajua kuwa jibu limekwisha andikwa, lakini hajawahi kumsikia karani yeyote akiliuliza swali lile kwa mgonjwa, akiwemo yeye, na angependa kuanza vizuri.

"Mama, ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa natengeneza chumvi, baba," Sechelela akajibu. "Tangu nikiwa msichana. Na ilikuwa nzuri."

Fumbuka akatia sahihi. Kitanda cha kesho kikaandikwa jina lake, na wanawake waliokuwa kwenye benchi wakashusha pumzi kwa pamoja. Mama Yunge akaanza kugawa vigelegele kama anavyogawa zamu za kuchota, wewe anza, wewe fuata.

Kwenye kizingiti cha dirisha bado kilikaa kifundo cheupe cha Jumatatu, na kitambulisho cha kazi cha Mbeleje kando yake. Fumbuka akamrudishia kitambulisho, akamwambia akitunze, miezi saba si mingi. Kisha akauliza kama anaweza kuonja ile chumvi, kwa kuwa ameisikia siku nzima. Sechelela akamkaribisha.

Fumbuka akapeleka mkono kwenye kifundo, akausimamisha. Akajipapasa shingoni, akahangaika kidogo na kifungo ambacho hakuwahi kukifungua maishani, akautundika ushanga wake kwenye komeo. Ndipo akaonja.